Siku Moja Zaidi ya Jua

Asubuhi ile mama alimwamsha mumewe kwa kumvuta kidole gumba cha mguu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kumwita ilikuwa kazi bure. Mzee alilala kama gogo.

"Amka, mzee. Jua limeshaingia kazini, wewe bado unakoroma."

"Jua halina nyonga mbovu."

"Wala halilalamiki. Amka."

Mama akaketi kizingitini, akanyoosha miguu. Maji ya chumvi hula ngozi, na visigino vyake vilikuwa vimepasuka nyufa za kuingia ukucha. Mzee alichukua kopo la mafuta ya mgando, akapiga magoti kwa shida, akaziba ufa mmoja mmoja, kisha akafunga visigino kwa vipande vya shuka kuukuu. Tangu nyonga yake iharibike, akaacha kujenga matuta ya mashamba ya chumvi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya siku. Juu ya vitambaa mama alivaa mabuti ya mpira.

"Unakaza mno," mama akasema. "Miguu hiyo, siyo mzigo wa kuni."

"Mzigo wa kuni haupigi kelele."

Wakanywa chai na mkate uliolala. Simu ikalia. Alikuwa binti yao, fundi cherehani, aliyeishi upande wa pili wa soko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako hajambo, anakula."

"Mama, wametangaza mvua. Kubwa. Mchana wa leo."

"Nani katangaza?"

"Watu wa hali ya hewa."

"Walikuja hapa wakanusa?"

"Mama jamani, wana mitambo."

"Na mimi nina pua. Mwezi huu haunyeshi, mwanangu. Tangu sijakuzaa haunyeshi."

"Ndiyo maana wametangaza, mama. Ungekuwa mwezi wa kunyesha wasingehangaika."

Mama akacheka. "Hebu kashone nguo za watu huko."

Alitoka nje. Akaishika shuka iliyolala kwenye kamba usiku kucha. Kavu. Akainua uso, akavuta hewa puani. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

"Hakuna kitu," akasema.

Mzee naye akatazama. Kweli, hapakuwa na kitu.

Mashambani mama aliitwa Redio. Jina hilo alipewa zamani, kabla nywele hazijawa nyeupe, kwa sababu kila asubuhi wanawake walimpokea njiani na swali lile lile: "Redio inasemaje leo?" Naye angejibu papo hapo. Jua kali. Upepo wa wastani. Ukungu ukiondoka mapema, vaeni kofia.

Shule hakuiona. Mama yake alikuwa mvuna chumvi, naye alianza kumsukumia toroli akiwa hajamaliza kuota meno ya ukubwani. Aliyoyajua aliyapata kwa miguu na pua, na kwa kukosea. Akitaka kueleza, alieleza kwa vyombo vya jikoni.

"Nchi kavu ni kikaango kitupu," alizoea kusema. "Kiweke motoni, sasa hivi kimeshika moto. Bahari ni sufuria lililojaa. Utakaa kulisubiri mpaka usinzie. Basi hewa ya nchi kavu ikishapata joto inapanda juu, inaacha kiti. Hewa ya baharini, ambayo bado ina ubaridi, inakuja kukikalia. Ndiyo huo upepo wenu wa mchana. Jioni kikaango kinapoa upesi, sufuria bado lina vuguvugu, na upepo unageuka."

Upepo huo na jua ndivyo vilivyokuwa vibarua wao. Bahari ikijaa, walifungua lango na kuingiza maji kwenye majaruba, yale mabwawa mapana ya kina cha kifundo cha mguu yaliyozungushiwa matuta ya udongo. Kisha walifunga na kuacha jua linywe. Maji yalizidi kupungua, chumvi ikazidi kusongamana, mpaka yakawa mazito ya kuteleza vidoleni. Hayo waliyaita maji makali. Siku chache tena za jua, na chumvi ilianza kukaa chini, nyeupe.

Jirani yake wa jaruba la pili alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Walimwita Kipipa. Siku moja alimwuliza: "Dada, maji yote hayo yanayonywewa yanakwenda wapi?"

"Juu. Chumvi inabaki kwa sababu haina mabawa. Maji yanapanda mpaka kwenye baridi, huko yanashikana kuwa matone, yanakuwa wingu."

"Kwa hiyo sisi wenyewe ndio tunaopika mvua ya kutuharibia?"

"Sisi kidogo. Bahari ndiyo mpishi mkuu. Jua halina upande, mdogo wangu. Linatufanyia kazi sisi, na papo hapo linamfanyia adui."

Wanawake walicheka mpaka wakaegemea reki zao.

Lakini miaka hii ya karibuni mambo yalianza kumpiga chenga. Bahari ilipata joto. Mama alitumbukiza mguu asubuhi akautoa, akasema kuna mtu kaitilia mkaa. Sufuria la moto hutoa mvuke mwingi, na mvuke mwingi hunenepesha wingu. Upepo wa msimu uliokuwa ukija na kuondoka kama mtu mwenye adabu sasa ulichelewa, au ulikuja ukakaa siku mbili ukapotea. Ukungu wa kutangulia kiangazi haukuonekana tena. Redio ikaanza kukosea.

"Dada, betri zimekwisha nini?" Kipipa alimtania.

Alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka. Alikaa akashika tama.

"Mzee, hivi pua yangu ndiyo inazeeka, au dunia ndiyo imebadilika?"

"Vyote viwili," mzee akasema.

Alinuna mpaka kesho yake.

Siku ile ya simu walifika mashambani jua likiwa limeshapanda. Mzee aliingia bandani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachukua sindano ndefu na kamba ya nailoni. Kazi yake siku hizi ilikuwa kushona midomo ya viroba vikishajazwa. Kutoka pale aliona mashamba yote: majaruba yamepangana kama madirisha, na mwisho kabisa jaruba la mkewe, lililopakana na mkono wa bahari.

Chumvi ilikuwa imekaa. Kila jaruba lilikuwa jeupe chini ya maji membamba. Wanawake walisimama kwenye matuta na reki zao mkononi, wakingoja. Ilikuwa desturi yao kwamba hakuna anayetia reki kabla Redio hajasema. Hawakuandikiana popote. Mama yake alikuwa akisema kabla yake, na mwingine kabla ya mama yake.

Mama aliinama, akachota punje, akaziweka kati ya meno. Akatema.

"Bado changa. Inasagika kama vumbi."

"Dada, tuvune hivyo hivyo," Kipipa akasema. "Kule mtaani wanasema mvua."

"Mvua ya nani? Tazama juu."

Kipipa akatazama juu. Wote wakatazama.

"Chumvi ya vumbi ikivunwa leo, nusu yake itayeyukia kwenye viroba," mama akasema. "Mtahangaika bure. Iacheni ipate siku moja zaidi ya jua. Kesho itakuwa na punje kama za mahindi."

"Shemeji!" Kipipa akaita kuelekea bandani. "Mwambie mkeo."

"Mimi huku mshona viroba tu, shemeji. Mambo ya mbinguni muulize mwenyewe."

Kicheko kikapita. Wanawake wakaweka reki chini. Waliokuwa na wasiwasi wakaumeza. Wakashika majembe, wakaenda kuziba nyufa za matuta, kila mmoja kwake.

Adhuhuri upepo wa baharini ukaja kama kawaida. Mzee aliusikia ukipiga bati la banda. Aliula mkate wake, akaegemea nguzo, akasinzia.

Kilichomwamsha ni ukimya. Bati halikulia tena.

Alifumbua macho akaona mkewe amesimama katikati ya tuta, kichwa ameinua, hatikisiki. Kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa imelala tuli. Upepo ulikuwa umekatika kabisa, saa ambayo ungetakiwa kuwa na nguvu. Joto likawa la kubana kifua. Kisha kutoka nchi kavu, nyuma yao, pumzi ya baridi ikawapiga shingoni.

Mama akageuka. Mzee naye akageuka.

Wingu lilikuwa limepanda nyuma ya nyumba za mji kama ukuta. Chini lilikuwa jeusi, juu lilikuwa jeupe linalofura, na lilikuwa likija.

"Vuneni!" mama akapiga kelele. "Vuneni jamani! Chochote mnachopata!"

Hapo ndipo mzee alipomwona mkewe kama ambavyo hakuwahi kumwona. Macho yamemtoka pima. Alikokota reki kama mtu anayefukua kaburi lenye mtu hai. Wanawake wote waliingia majini. Chumvi changa ilipita katikati ya meno ya reki kama uji. Walirundika kidogo, kikateleza, wakarundika tena. Mzee alichechemea na turubai, akafunika rundo la kwanza, na kabla hajafika la pili matone yakaanza. Makubwa, ya baridi, ya kuumiza.

Kisha maji yakamwagwa. Hakuna neno jingine. Marundo yalilegea mbele ya macho yao, yakainama, yakatoweka. Kazi ya kiangazi kizima iliondoka kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Kipipa alikaa chini kwenye matope, akalia kwa sauti.

Hakuna aliyemlaumu mama. Hilo ndilo lililomkata maini. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine akitafuta wa kumtukana, akamkosa.

"Chumvi imekwenda," akasema. "Maji makali bado. Tukiyaokoa, jua likirudi tutaanzia katikati. Tukiyapoteza tunaanza na bahari upya, na msimu umekwisha. Nendeni malangoni. Toeni ubao wa juu peke yake."

Walijua alichosema. Maji ya mvua ni mepesi, na maji makali ni mazito. Kwa muda, mvua ikishaanguka, hukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Lango la jaruba ni mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine katikati ya nguzo mbili. Ukitoa ya juu tu, maji matamu yanajiendea na makali yanabaki. Lakini lazima ufanye upesi, kabla upepo haujayachanganya.

Wanawake wakatawanyika. Lango la mama lilikuwa la mbali kuliko yote, kwenye mkono wa bahari.

"Niache nije," mzee akasema.

"Uje na nyonga ipi? Kaa bandani, shika turubai."

Akaondoka mbio na mabuti yake, akiteleza, akiinuka. Mvua ikamfunika.

Mzee alishika turubai ambalo halikuwa na cha kufunika. Aliwaona wanawake wakirudi mmoja mmoja, wakitetemeka, meno yakigongana. Malango yao yametoa maji. Imewezekana. Kipipa hata alijaribu kutabasamu.

"Dada yuko wapi?"

Hakuna aliyejua.

Mzee alitazama upande wa bahari. Matuta ya mwisho hayakuonekana. Pale penye tuta palikuwa na maji, na maji yalikuwa yakitembea kuja, siyo kwenda. Ilikuwa saa ya bahari kujaa, na dhoruba ilikuwa imeivuta ikapita kipimo chake. Ubao wa juu ulishatolewa. Bahari ilikuwa ikiingilia mle mle mama alimotolea mvua.

Alichukua jembe akaenda. Nyonga aliisahau. Kipipa alimfuata akipiga mayowe.

Walimkuta ndani ya mfereji wa lango. Alikuwa ameona bahari inaingia, akashuka kurudisha ubao. Tuta lililolowa likamporomokea, likaisukuma nguzo, na nguzo ikaubana mguu wake kwenye mbao za chini. Alikuwa amekaa kwenye matope, maji yamemfika kifuani. Ubao wa juu bado ameukumbatia.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza.

"Nimekuja kukutoa."

"Toa nguzo kwanza. Mimi naweza kusubiri."

Mzee akapiga jembe. Udongo ulitoka, udongo mwingine ukajaa. Alichimba tena. Matuta hayo aliyajenga yeye mwenyewe ujana wake, akayashindilia kwa miguu, na sasa yalimiminika kama togwa iliyomwagika. Mpini ukakatika. Akaendelea na mikono.

"Shemeji, nikaite watu?" Kipipa akauliza. Hakusubiri jibu. Alikwenda mbio huku akianguka, akiita jina la kila mwanamume aliyemjua, na la Mungu.

Wakabaki wawili.

Mzee alishuka mferejini, akaingiza mabega chini ya nguzo, akasukuma. Akasukuma mpaka akaona giza. Nguzo ilicheza kidogo, kisha maji yakaleta matope mapya, ikakaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

"Vua buti," akasema. "Mguu utachomoka."

"Nimejaribu. Umenifunga vitambaa vingi."

Aliona mzee amebadilika uso, akaongeza haraka: "Nakutania. Siyo vitambaa, ni nguzo. Mguu siusikii tena."

Maji yakafika mabegani. Mzee alimshika mkewe kidevu akamwinua juu. Mvua ilikuwa ikiwapiga wote wawili usoni, hata kupumua ilikuwa kazi. Mzee aliomba. Hakuwa mtu wa kuomba sana. Aliomba bahari irudi, mvua ikatike, upepo ugeuke. Kati ya vyote ambavyo mkewe alikuwa akivieleza kwa sufuria na kikaango, aliomba kimoja tu kifanye kinyume. Hakuna kilichofanya kinyume. Kila kimoja kilifanya kazi yake.

"Niliwaambia wangoje," mama akasema.

"Nyamaza."

"Wote waliweka reki chini. Hata mmoja hakubisha."

"Kipipa alibisha."

"Kipipa hubisha kila siku." Akakohoa maji. "Mtoto pia alibisha."

"Utamwambia mwenyewe jioni."

Mzee aliingiza mkono chini tena, akautafuta mguu, akaupata. Akavuta kwa nguvu zake zote zilizobaki. Mama akapiga ukelele mmoja, mzee akaacha. Hakujua kama afadhali avute avunje, au aache. Akavuta tena. Haukutoka. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi na kucha zimeng'oka.

Mbali sana, kwenye tuta la kwanza, alisikia sauti za watu. Alimwona Kipipa mbele, na wanaume wakiwa na kamba na mtarimbo, na nyuma yao mwanamke aliyevaa tepu ya kupimia shingoni akikimbia bila viatu. Binti yao. Walikuwa wanakuja. Walizama, wakatoka, wakazama.

"Wanakuja," mzee akasema. "Wanakuja, mke wangu. Wale pale."

Yeye mwenyewe alikuwa amechuchumaa ndani ya maji mpaka shingoni, amemwegemeza kichwa mkewe begani, kiganja kimoja amekitandaza juu ya uso wake ili mvua isimwingie puani. Alikuwa akitetemeka hata kidevu kilimgonga mama utosini. Mama aliusogeza mkono ule pembeni kidogo. Akamtazama. Akatazama upara wake unaomwagikiwa maji, kisha akakunja uso, kama alivyokuwa akimkunjia kila alipotoka nje bila kofia.

"Rudi bandani wewe, mzee," akasema. "Unalowa."